Hesabu Pumzi Yako Nawe

Leo ni siku ya kupima kilo, na labda mulikuwa mukingojea mafundisho juu ya uji ao juu ya chandarua. Hayo tutayarudilia. Leo tunazungumza juu ya yule anayepika uji na kutandika chandarua: wewe mwenyewe, mama.

Nitaanza na kosa langu. Siku moja, wakati wa malaria mingi, nilimaliza kazi ya usiku na sikurudi nyumbani, kwa sababu mwenzangu wa asubuhi alikuwa mugonjwa. Mama moja akafika na mutoto mwenye homa. Nikamueleza dawa ya siku 3. Akaniuliza mara ya pili namna ya kuitoa. Nikamujibu kwa ukali mbele ya watu wote: « Husikii? Nimekwisha kusema! » Akanyamaza, akaenda zake. Siku ya pili mutoto alipata nafuu, basi mama akaweka dawa iliyobaki. Kisha siku chache wakamurudisha mutoto na degedege. Alipona, tunashukuru. Lakini mimi sijasahau. Dawa ilikuwa nzuri. Mafundisho njo yaliharibika, juu muganga alikuwa amechoka na hakujua kama amechoka.

Muganga mwenzangu, mama mwenye umri, hakunigombeza. Aliniuliza tu: « Kila siku unahesabu pumzi za watoto wa wengine. Zako unazihesabu saa ngapi? »

Munajua tunavyofanya. Mutoto akikohoa, tunainua nguo yake na kuangalia tumbo dakika 1 nzima. Mutoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 ao zaidi, wa mwaka 1 mpaka 5 mara 40 ao zaidi, tunajua mapafu yanaweza kuwa na ugonjwa. Mutu mukubwa aliyetulia anapumua karibu mara 12 mpaka 20. Lakini akiwa na hasira ao woga, pumzi inakuwa fupi, inabaki juu kifuani, na moyo unakimbia. Huwezi kuamuru moyo upunguze mwendo. Pumzi unaweza kuiamuru, na moyo unaifuata nyuma.

Tunafanya hivi. Ukae kwenye kiti ao kwenye mukeka, mabega yashuke. Weka mukono moja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 3, tumbo lipande. Kisha uiache itoke pole pole ukihesabu mpaka 5, kama vile unavyopuliza uji wa moto katika kijiko bila kuumwanga. Mara kumi, basi. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida. Mawazo yatakuja: deni, feza ya masomo, bwana aliyekawia njiani. Usipigane nayo. Rudi kwenye hesabu.

Mimi ninafanya hivyo mbele ya kufungua mulango asubuhi. Na ninyi wamama munaotembelea nyumba za wengine kwa kuwafundisha afya, mufanye mbele ya kupiga hodi. Wakati wa Ebola kule Beni na Butembo, tangu 2018 mpaka 2020, wenzetu wa kazi hiyo waliingia katika nyumba zenye msiba na hasira, na jioni wakarudi kwao na woga wao wenyewe. Mutu anayebeba mizigo ya wengine anachoka sawa na mubeba makala.

Ninasikia mama moja pale nyuma anacheka. « Muganga, nani ana nafasi ya kukaa? Kuko maji, kuko kuni, kuko shamba! » Kweli, mama. Pumzi haitaleta maji, na haitanyamazisha bunduki. Sitakudanganya. Lakini unaponyonyesha umekwisha kukaa. Fanya hapo. Mahangaiko yanaweza kukawisha maziwa kutoka. Ukitulia yanatoka vizuri. Wengine wanasema hasira inageuza maziwa kuwa mabaya. Si kweli hata kidogo, usimunyime mutoto ziwa juu ya neno hilo.

Na hii muisikie vizuri. Kuko usiku mutoto analia bila kunyamaza, nawe unasikia mikono inataka kumutikisa. Usimutikise hata mara moja, ubongo wake unaumia. Mulaze chali mahali pasipo hatari, simama mulangoni, pumua mara kumi, kisha umurudilie. Kufanya hivyo hakukufanyi mama mubaya.

Kuko pia uchungu ambao pumzi haiuwezi. Kama huzuni imepita juma mbili, kama hulali hata mutoto akilala, kuja utuambie. Kama mawazo ya kufa ao ya kumuumiza mutoto yanakujia, kuja siku ile ile, na mutu akusindikize. Usingojee siku ya kilo. Sema tu: « Leo ni mimi mugonjwa, si mutoto. » Tutaelewa.

Na ukiniuliza neno nikakujibu kwa ukali, niulize tena.

Sasa mushike watoto vizuri. Tupumue mara kumi pamoja, kisha tufungue mizani. Mama mwenye mapacha ataanza.