Glavu Ikukae Mkononi

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wasichana wanaojifunza ndondi, wazazi na makocha, mjini Litein

  

Nimeombwa nizungumze juu ya kitu kimoja tu: jinsi ya kuchagua glavu za ndondi zinazomkaa mwanamke vizuri. Mzee mmoja ameniuliza hapo mlangoni kama kweli hilo ni jambo la kukusanyia watu. Nami nikamuuliza: hapa kwetu, nchi ya wanariadha, ni nani atamtoa binti yake akakimbie mita 10,000 akiwa amevaa viatu vya baba yake? Amecheka, kisha akaingia na kuketi.

Basi ndivyo wasichana wetu wengi wanavyoanza ndondi. Wanavaa glavu za wanaume. Kumbi nyingi za mazoezi hununua glavu chache, za saizi ya mkono wa mwanamume, na kila anayekuja anachukua zile zilizobaki sakafuni. Mimi mwenyewe nilijaribu mchezo huu nikiwa chuoni nikisomea uandishi wa habari. Nilipewa glavu kubwa, mkono wangu ukawa unaogelea ndani. Wiki ya pili nilipiga gunia, glavu ikageuka kidogo, kidole gumba kikapinda nyuma. Kwa karibu mwezi mzima niliandika kwa mkono mmoja.

Kwangu ilikuwa usumbufu. Kwa familia nyingi hapa ingekuwa hasara. Mnajua chai inavyochunwa: majani mawili na chipukizi, kwa kidole gumba na cha shahada, na malipo ni kwa kilo. Mama mmoja amesema hapa leo, "Huyu msichana akivunjika mkono, nani atachuna?" Swali lake ni la haki, na sitalijibu kwa kumwambia asiogope. Nitalijibu kwa kumwonyesha namna ya kuupunguza huo hatari unaomtia wasiwasi.

Kwanza tuelewe mkono unaumia wapi. Kuna mifupa ya kiganja iliyo chini ya vifundo vya vidole. Ule wa kidole cha mwisho huvunjika mara nyingi kwa mtu anayepiga na ngumi isiyofungwa sawasawa. Kuna kidole gumba, ambacho huteguka glavu ikiwa pana. Na kuna mfupa mdogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Huo ni msumbufu: damu haifiki huko kwa wingi, kwa hiyo hupona polepole, na wakati mwingine ufa wake hauonekani kwenye eksirei ya kwanza. Msichana akianguka au akipiga vibaya, akawa na maumivu hapo chini ya kidole gumba, asiambiwe ni mteguko tu apakwe dawa ya kuchua. Apelekwe hospitali, na maumivu yakiendelea arudishwe akapigwe picha tena.

Sasa tuje kwa glavu. Kosa kubwa ni kudhani kwamba aunsi ni saizi. Aunsi ni uzito. Aunsi moja ni kama gramu 28, kwa hiyo glavu moja ya aunsi 16 inakaribia nusu kilo. Uzito huo mwingi ni sponji, na sponji ndiyo inayokinga mkono wako na uso wa mwenzako. Wanawake katika ndondi za ridhaa hushindana kwa glavu za aunsi 10. Mazoezini hali ni nyingine. Kwa gunia, msichana mwepesi hutumia aunsi 12. Mkipigana wawili kwa mazoezi, tumieni 14, na kwa mwenye mwili mkubwa 16.

Hapa ndipo wauzaji wanapotukosea. Mwanamke mwenye mkono mdogo anaingia dukani, anapewa glavu za watoto za aunsi 6 au 8, pengine za rangi ya waridi, anaambiwa hizi ndizo za wanawake. Zinamkaa, ndiyo, lakini sponji yake ni nyembamba na haikutengenezwa kwa nguvu za mtu mzima. Unachotaka ni glavu yenye uzito kamili kwa nje na nafasi nyembamba kwa ndani. Zipo kampuni zinazozitengeneza hivyo kwa wanawake: vidole vifupi, kiganja chembamba, na mahali pa kifundo pasipo pana.

Utajuaje saizi yako? Chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha kwenye kiganja cha mkono unaoutumia zaidi, chini kidogo ya vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Wanawake wengi hupata takriban sentimita 18. Wanaume wengi hupita 20. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ambamo mkono wako unacheza. Andika kipimo chako na uende nacho dukani.

Ukifika, usijaribu glavu ukiwa mkono mtupu. Funga bandeji kwanza, kama unavyofunga mazoezini. Bandeji ya kawaida ina urefu wa mita 2.5 hadi 4.5, na inajaza nafasi. Glavu inayokukaa vyema bila bandeji itakubana ukishafunga. Halafu fanya majaribio haya matano.

La kwanza, ncha za vidole ziguse mwisho wa ndani kidogo tu. Zikikunjwa kwa nguvu, ni ndogo. Zisipofika, ni kubwa.

La pili, funga ngumi kabisa. Ukilazimika kukaza mkono ili tu ngumi ifungwe, utachoka kabla ya raundi kwisha na utapiga na ngumi iliyo wazi.

La tatu, tikisa mkono kama unayekung'uta maji. Glavu isisogee.

La nne, sikiliza kidole gumba. Kikae kimejikunja kidogo, kimeelekea vidole vingine, bila kuvutwa. Hakikisha sehemu ya kidole gumba imeshonewa kwenye glavu. Hiyo huzuia kisipinde nyuma na kisiingie jicho la mwenzako.

La tano, bonyeza ngumi ukutani polepole. Kifundo kikae wima, kisikunjike. Velkro ikizunguka na bado ikaacha nafasi ya kuingiza kidole, hiyo si yako. Glavu za kamba hukaza vizuri zaidi, lakini huhitaji mtu wa kukufunga. Kwa anayefanya mazoezi peke yake, velkro inatosha.

Najua wengi wetu tutanunua mitumba, na hakuna aibu. Bonyeza sponji ya mbele kwa kidole gumba. Ukihisi vifundo vya mkono ulio ndani, sponji imekufa. Iache hata kama ngozi inang'aa. Kagua mshono. Kisha inuse. Glavu yenye ukungu hubeba magonjwa ya ngozi, yakiwemo mashilingi. Hapa Litein mvua ya alasiri haina msimu, kwa hiyo usifungie glavu mbichi kwenye begi. Zipanguse, zijaze magazeti makavu, ziweke penye upepo. Usizianike juani kutwa wala kando ya jiko, ngozi itapasuka. Na kama ni lazima mshiriki glavu, kila mtu awe na bandeji zake na azifue.

Wapo wanaosema ndondi si ya wasichana. Mimi sina haja ya kubishana, nitataja majina tu. Wanawake waliruhusiwa ulingoni kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2012, London, na Kenya ilikuwepo kupitia Elizabeth Andiego. Mwaka 2016 Fatuma Zarika alikwenda Marekani akamshinda Alicia Ashley na kurudi na mkanda wa dunia wa WBC. Mwaka 2018, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Christine Ongare alileta shaba, Mkenya mwanamke wa kwanza kupata medali ya ndondi katika michezo hiyo. Mikono hiyo yote ilianzia kwenye ukumbi kama huu.

Nimalizie kwa makocha na wazazi. Makocha, msiombe "glavu jozi 10" mkaishia hapo. Pimeni mikono ya wasichana wenu, andikeni orodha: wangapi wana sentimita 17, wangapi 18, wangapi 20, na wanahitaji aunsi ngapi. Anayenunua bila orodha atanunua saizi ya mkono wake mwenyewe.

Wazazi, Katiba ya 2010 imeweka michezo na vifaa vyake miongoni mwa kazi za kaunti. Siwezi kusimama hapa niwaahidi glavu. Mimi ni afisa wa habari, sishiki mfuko. Ninachoweza kuwaambia ni njia ilivyo. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya kushirikisha umma. Mara nyingi wanaokuja kusema juu ya michezo ni vijana wa kandanda, na ndiyo maana mipira hununuliwa. Njooni na orodha yenu ya sentimita. Ombi lenye vipimo ni vigumu kulipuuza.

Na wewe mama uliyeuliza nani atachuna chai: kabla binti yako hajaingia ulingoni kesho, mwambie atoe mkono aliovaa glavu, umwambie autikise. Ikisogea, mrudishe kwa kocha. Una haki hiyo.