Nani Atakimbia Kando ya Beki Mkongwe?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, timu iliyofungwa mabao mengi hurudi kwenye ubishi uleule. Je, imlete beki mwenye jina na umri uliosogea, au iwavumilie vijana wake mpaka wakomae? Wanaomtaka mkongwe hutaja uzoefu, wanaomkataa hutaja miguu. Pande zote mbili zinamtazama mtu mmoja, na hapo ndipo ubishi unapopotea njia. Hoja nitakayoitetea leo ni kwamba beki mkongwe hawezi kupimwa peke yake. Kinachoamua kama atapunguza mabao ni wale wanaomzunguka: beki anayecheza kando yake, kiungo mkabaji anayesimama mbele yake, na ukubwa wa uwanja ambao kocha anauacha wazi nyuma yake. Miaka yake ni swali la kuulizwa baada ya hayo.

Tuanze na wachezaji wawili waliosajiliwa England katika mazingira yanayofanana mno. Agosti 2001 Manchester United ilimuuza beki Jaap Stam kwa Lazio akiwa na miaka 29, ikamchukua Laurent Blanc kutoka Inter, mchezaji huru mwenye miaka 35, bingwa wa dunia wa 1998 na wa Ulaya wa 2000. Agosti 2020 Chelsea ilimchukua Thiago Silva baada ya mkataba wake na Paris Saint-Germain kumalizika. Naye alikuwa huru, naye alikuwa na miaka 35. Msimu uliotangulia ujio wa Blanc, United ilitwaa ubingwa wa ligi kwa kuruhusu mabao 31. Msimu wake wa kwanza yalipanda hadi 45, timu ikapoteza mechi tisa za ligi na kumaliza ya tatu. Chelsea iliruhusu mabao 54 kabla ya Silva na 36 alipofika, kisha Mei 2021 ikatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya huko Porto, ikiwa imefungwa mabao manne tu katika mechi 13 za mashindano hayo. Kama umri ndio ungekuwa jibu, watu hawa wawili wangeleta matokeo yaliyokaribiana. Wote walisifika kwa kusoma mchezo mapema, na wote walikuja bila ada ya uhamisho. Basi tofauti tuitafute nje ya miili yao.

United ya 2001 ilikuwa timu ya kushambulia. Kiangazi hicho ilikuwa imewanunua Ruud van Nistelrooy na Juan Sebastián Verón, na ilicheza muda mwingi ndani ya nusu ya mpinzani. Timu ya namna hiyo inapopoteza mpira, mabeki wake hujikuta na uwanja mpana mgongoni. Stam alikuwa na mwili na kasi ya kuufunika uwanja huo. Blanc, kwa akili yake yote, alihitaji mtu wa kuufunika kwa niaba yake. Hakumpata. Kando yake alisimama mara Wes Brown, mara Gary Neville, mara Ronny Johnsen, na maelewano ya mabeki wa kati hayajengwi kwa kubadilishana hivyo. Mwaka uliofuata United ilimnunua Rio Ferdinand, kijana wa miaka 23 mwenye mbio na utulivu. Blanc alikuwa bado kikosini, mkubwa kwa mwaka mzima zaidi, na mara hii hakutakiwa kuubeba ulinzi. Mabao ya kufungwa yakashuka hadi 34, ubingwa ukarudi. Ninawaomba muutazame msimu huo wa pili kwa makini, kwa sababu wanaoutaja usajili wa Blanc kama kosa huwa wanaishia kwenye ule wa kwanza.

Hapa patainuka pingamizi la haki. Chelsea ilimnunua pia kipa Édouard Mendy na beki wa kushoto Ben Chilwell msimu huohuo, na Januari 2021 Thomas Tuchel akachukua nafasi ya kocha Frank Lampard. Kwa nini sifa apewe Silva? Jibu langu ni kwamba asipewe peke yake, na takwimu zinasema hivyo waziwazi. Katika mechi 19 za ligi chini ya Lampard, Chelsea ilifungwa mabao 23. Kwa kasi hiyo ingemaliza msimu na 46, nafuu ya wastani tu ukilinganisha na 54. Katika mechi 19 zilizobaki, chini ya Tuchel, ilifungwa 13. Silva ni yuleyule, Mendy ni yuleyule, Chilwell ni yuleyule. Kilichobadilika ni umbo: Tuchel alipanga mabeki watatu wa kati, akamweka Silva katikati yao, na mabeki wa pembeni yake wakabeba mbio za kufuata mawinga. Mkongwe akabaki na kazi anayoiweza kuliko wote, yaani kuuona mpira kabla haujafika, kuipanga safu na kuanzisha shambulizi kwa pasi ya kwanza. Kwa hiyo pingamizi hili linaithibitisha hoja badala ya kuibomoa. Tena katika fainali ya Porto Silva aliumia na kutoka kabla ya mapumziko, Andreas Christensen akaingia, na Manchester City haikupata bao. Safu iliyopangwa vizuri ilisimama hata yeye alipokuwa benchi.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni klabu ya Simba. Katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018-19, Wekundu hao wa Msimbazi walifungwa mabao 13 katika mechi sita, yakiwamo matano dhidi ya AS Vita mjini Kinshasa na matano mengine mbele ya Al Ahly huko Misri. Misimu miwili baadaye, hatua ileile, tena dhidi ya Vita na Al Ahly hao hao, walifungwa mabao mawili tu na kuongoza kundi kwa pointi 13. Pascal Wawa, beki wa Ivory Coast aliyekuwa tayari amepita miaka 30, alikuwa kwenye vikosi vyote viwili. Aishi Manula alikuwa kipa kwenye vyote viwili. Wawa hakuwa amepungua umri. Ila mwaka 2020 alikuwa ameletwa Joash Onyango kutoka Gor Mahia, beki wa nguvu anayefuata mtu, na Desemba hiyo akaja Mganda Taddeo Lwanga kuziba eneo la mbele ya mabeki. Mtu anaweza kusema mechi sita ni chache mno kujengea nadharia, na nakubali ni chache; hata Simba hiyohiyo ilifungwa manne na Kaizer Chiefs kule Afrika Kusini kwenye robo fainali. Lakini angalieni mabao yalikopungua. Mwaka 2018-19, 12 kati ya yale 13 yaliingia ugenini, ambako timu inasukumwa nyuma na kupasuka katikati. Mwaka 2021 liliingia bao moja tu ugenini katika mechi tatu. Ulinzi uliimarika palepale ambapo beki huhitaji wenzake kuliko mahali pengine popote.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la vijana. Husemwa kwamba kila dakika ya mkongwe imenyang'anywa kijana, na katika klabu zetu nyingi ni kweli, kwa sababu mkongwe huletwa ili kijana akae benchi. Lakini si lazima iwe hivyo. Januari 2011 Juventus ilimchukua Andrea Barzagli kutoka Wolfsburg kwa euro 300,000, akikaribia miaka 30. Msimu huo timu ilimaliza ya saba na kufungwa mabao 47. Msimu uliofuata, chini ya kocha Antonio Conte, ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi na kufungwa mabao 20. Kando ya Barzagli alicheza Leonardo Bonucci, mdogo wake kwa miaka sita, ambaye hakupoteza nafasi yake. Alikua kando yake, hadi akawa nguzo ya Juventus na ya Italia. Mkongwe aliyewekwa sambamba na kijana humfundisha kila wiki, ndani ya mechi yenyewe, kile ambacho mazoezi hayawezi kumfundisha.

Hatari iliyobaki ni mwili, na hiyo haina falsafa. Beki Sergio Ramos alijiunga na Paris Saint-Germain Julai 2021, akiwa na miaka 35, kwa mkataba wa miaka miwili; majeraha yakamfanya acheze mechi yake ya kwanza mwishoni mwa Novemba. Klabu ya Paris inaweza kuumeza mshahara wa namna hiyo. Klabu ya Dar es Salaam au Nairobi haiwezi, hasa pale nafasi za wachezaji wa kigeni zinapokuwa na kikomo na kila moja ni ya thamani. Mkataba wa mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongezwa kwa idadi ya mechi alizocheza ni haki kwa mchezaji na ni kinga kwa klabu.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa klabu zetu, na baadhi yao nawaona humu ukumbini: kabla hamjamtangaza beki mwenye miaka 34 kwa picha na shangwe, mtakeni kocha awatajie kwa majina beki atakayekimbia kando yake na kiungo atakayesimama mbele yake. Akishindwa kuwataja, fedha hiyo mtafutieni kwanza watu hao wawili.