Zuio Lisilo na Tarehe: Wananchi, Viwanja na Kusubiri Mipango Miji

Mada kwa semina ya wenyeviti na watendaji wa mitaa, Dar es Salaam



Nimeombwa nizungumzie malalamiko ya wananchi kuhusu upangaji wa ardhi mijini. Hata mkinipa siku nzima sitayamaliza, kwa hiyo nimechagua moja tu, ambalo naona ndilo linalozaa mengine: kipindi cha kusubiri. Nina maana ya muda unaopita tangu eneo litangazwe kuwa litapangwa upya hadi mpango ufike, au ufe kimyakimya. Katika kipindi hicho mwananchi anaambiwa asijenge, asiuze, asiendeleze. Siku ya kuzuiwa anaambiwa. Siku ya kuachiwa haambiwi.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa, ng'ambo ya feri. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni. Ulikuja na michoro ya kuvutia, maghorofa na barabara pana, na wakazi wa Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema na sehemu za Kibada na Somangila wakatakiwa kusimamisha ujenzi. Ikafuata miaka ya mikutano. Ukaundwa wakala maalumu wa kuuendeleza mji huo, KDA. Mipaka ya mradi ikabadilika. Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 kutoka Kurasini, na miaka hiyo hiyo Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke ikapata wilaya na manispaa yake. Mwishowe wakala ukavunjwa. Mji wa kwenye michoro haukujengwa, ila watu walikuwa wameshasubiri.

Kusubiri huko kunagharimu nini? Tuingie kwenye nyumba moja, ya kubuni, ingawa wengi wenu mtaitambua. Mama ana vyumba vinne, viwili anapangisha. Uani alishamwaga msingi wa vyumba vingine viwili, matofali yamepangwa chini ya mwembe, nondo zimechomoza. Tangazo likaja, fundi akakusanya vifaa vyake akaondoka. Mwaka wa kwanza nondo zinapata kutu. Mwaka wa pili matofali yanaota ukungu, jirani anaomba machache ya kuzibia banda la kuku. Choo kinajaa, lakini nani atachimba shimo jipya kwenye nyumba itakayobomolewa? Bati linavuja juu ya chumba cha mpangaji, mpangaji anahama. Mtoto wa kwanza anafaulu kwenda kidato cha tano, na mama aliyekuwa akitegemea kuuza kipande cha kiwanja kwa ajili hiyo hapati mnunuzi, maana mnunuzi gani ataweka fedha kwenye eneo la mradi?

Hatimaye mthamini anafika, kama atafika. Mama anasimamishwa mbele ya nyumba na kibao chenye namba, anapigwa picha. Nyumba inathaminiwa kwa gharama ya kuijenga upya, kisha unatolewa uchakavu. Naomba tutulie hapa kidogo. Uchakavu huo unatokana kwa sehemu kubwa na lile katazo. Mama alizuiwa kutengeneza nyumba, sasa anakatwa fedha kwa sababu nyumba haikutengenezwa. Sijawahi kusikia hoja hii ikijibiwa kwa kuridhisha katika mkutano wowote wa hadhara. Huwa inajibiwa kwa sauti kubwa tu.

Kwa haki, sheria yetu ya fidia si mbaya ikisomwa. Kanuni za 2001 chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 zinataka mwananchi alipwe thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36, faida aliyokosa kwenye biashara kwa miezi 36, na gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Aliyeandika tani 12 alikuwa mtu makini: aliwaza kabati, vitanda, mitungi, mpaka mbuzi. Lakini pitieni orodha yote, hamtaona fungu linalolipa miaka ya kukaa mikono mitupu kabla ya mthamini kuja. Hesabu yote inaanza siku ya uthamini.

Na hata baada ya uthamini tumeona mambo. Wakazi wa maeneo yanayozunguka uwanja wa ndege, Kipawa na majirani zao, walifanyiwa uthamini 1997, na kuna waliosubiri malipo kwa zaidi ya miaka 10. Kwa fedha ya 1997 mtu angenunua kiwanja na kujenga, lakini alipokuja kulipwa, bei ya kiwanja ilikuwa imeshapaa. Ndiyo maana Sheria ya Uthamini ya 2016 ikaweka kwamba fidia isipolipwa ndani ya miaka miwili tangu uthamini uidhinishwe, uthamini huo unakufa na kazi inaanza upya. Ni hatua nzuri. Wananchi wengi hawaijui, na nawaomba viongozi wa mitaa muibandike ofisini kwenu, karibu na lile tangazo la usafi.

Swali linalonisumbua zaidi ni kwa nini mwananchi wa mjini hana mahali pa kuuliza habari za tarehe. Kijijini anapo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unapita mkutano mkuu wa kijiji. Watu wanakaa chini ya mti, wanabishana malisho yaishie wapi na mashamba yaanzie wapi, wanapiga kura. Mji unapopanuka na kijiji kuingizwa ndani ya eneo la mipango miji, ule mkutano mkuu wa kijiji unaondoka na uwezo wake. Inabaki serikali ya mtaa, ambayo haina mamlaka ya upangaji, kwa kuwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mamlaka hayo ni ya halmashauri ya mji au manispaa. Babu aliyekuwa akinyoosha mkono kuamua hatima ya shamba lake la mikorosho anaamka asubuhi akiwa mkazi wa mtaa anayesubiri taarifa. Shamba ni lile lile, mikorosho ni ile ile.

Mwenyekiti wa mtaa naye amekaa pabaya. Anaulizwa na wananchi jambo ambalo yeye mwenyewe hajaambiwa. Ramani iko manispaa, muhuri uko kwake. Jiji hili limejengwa hivyo, watu wakisubiri ramani, kwa muda mrefu: Mpango Kabambe wa 1979 uliandaliwa kwa ajili ya miaka 20, na uliofuata umeandikwa 2016–2036. Katikati hapo watu hawakuacha kuzaa wala kujenga. Waliuziana viwanja kwa karatasi za mauziano zenye muhuri wa mtaa na ile asilimia 10 ya bei inayoachwa ofisi ya mtaa, ambayo wote humu ndani tunaifahamu.

Urasimishaji wa makazi ulikuja kurekebisha hali hiyo, na umesaidia. Ila nao umezaa subira yake. Wananchi walichangishwa kulipia kampuni binafsi za upimaji. Wizara ya Ardhi ikaweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja, na bado ipo mitaa ambako fedha zilitoka, bikoni chache zikapandwa, na kazi ikasimama. Jambo gumu huko ni barabara. Mchoro unaonesha njia ya mita sita mahali penye uchochoro wa mita mbili. Lazima uzio wa mtu urudi nyuma, na kila mtu anakubali kwamba gari la zimamoto na gari la kunyonya maji taka yanahitaji njia, mradi uzio utakaorudi ni wa jirani. Mahali nilipoona jambo hili likifanikiwa, wenye nyumba wa uchochoro mmoja walipimiana wenyewe kwa kamba siku ya Jumapili, mbele ya mjumbe, kabla mpima hajaja. Aliyetoa mita mbili aliandikwa, aliyetoa moja naye akaandikwa, na majina yakasomwa. Wasiokubali walikuwa wachache, nao waliona haya.

Kutokana na hayo nina mapendekezo matatu, na moja tu nitalitetea kwa nguvu. Mawili ya mwanzo ni mepesi: nakala ya mchoro wa mipango miji ibandikwe ukutani katika ofisi ya kila mtaa unaohusika, kwa ukubwa ambao mtu anaweza kuonesha nyumba yake kwa kidole, na hali ya kila nyumba ipigwe picha na kuandikwa siku katazo linapotangazwa, ili uchakavu uhesabiwe kuishia siku hiyo.

La tatu ni tarehe. Kila katazo la kuendeleza ardhi litangazwe likiwa na siku ya kuisha, na siku hiyo ikipita bila fedha za fidia kutengwa, katazo life lenyewe na barua ya kulifuta ipelekwe mtaani kama ilivyopelekwa ile ya kulitangaza. Nasisitiza barua, kwa sababu tatizo kubwa ni makatazo yanayoishi kwa mdomo. Karatasi imeshachakaa, lakini mtu akipeleka lori la mchanga anaambiwa na mtendaji, "Mzee, subirini kwanza, tusije tukalaumiana."

Najua maofisa mipango miji waliopo hapa watapinga, na hoja yao si ya kupuuza. Watasema katazo likiwa na tarehe, walanguzi wa ardhi watahesabu siku, watanunua kwa bei ya chini na kuinua kuta usiku ili walipwe fidia. Hilo hutokea. Lakini walanguzi hao wananunua hata sasa, tena kwa bei nafuu zaidi, kwa sababu mwenye eneo amechoka na hana tarehe ya kumpa moyo wa kusubiri. Na ile picha ya siku ya kwanza niliyoipendekeza ndiyo dawa ya kuta za usiku: ukuta usiomo kwenye picha haulipwi. Kazi ya kupiga picha kata nzima ni ya vijana wachache wenye simu na daftari, na mnaweza kuianza hata kabla manispaa haijawaandikia.