Unatumia ARV? Usimeze kidonge kingine kimya kimya



Haya ni maneno niliyozungumza na vijana Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Waliokosa waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema.

Vijana wenzangu, nianze na mjomba wangu. Amenipa ruhusa niseme, ila jina nisitaje. Mjomba anatumia ARV miaka mingi sasa, kidonge kimoja kwa siku, hakosi. Kila akipimwa, virusi havionekani. Ramadhani moja ikamjia na kiungulia. Mwajua futari zetu: viazi karai, bhajia, mahamri, vyote tumbo likiwa tupu. Akaenda kwa kemisti akanunua vile vidonge vyeupe vya kutafuna. Kila usiku anatafuna viwili, maji kidogo, halafu hapo hapo anameza ARV yake. Idd ikapita, kiungulia hakikupita, na yeye akaendelea hivyo hivyo.

Siku ya kipimo, virusi vikahesabika. Kliniki wakamketisha wakamsomea: mzee, unaruka dawa. Iliyomuuma ni hiyo, si virusi, kwa sababu hakuwa ameruka hata siku moja. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine. Na kemisti naye hakuuliza, kwa vile mjomba hakusema. Angesemaje? Duka lenyewe limetazamana na kibaraza wanapokaa rika lake.

Sasa sikizeni. Wengi Kenya wanaotumia ARV leo wanapewa kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Ni dawa nzuri, sisemi vingine. Lakini dolutegravir ina tabia moja. Ikikutana tumboni na magnesiamu au aluminiamu, vitu vilivyomo kwenye dawa nyingi za kiungulia, inashikwa na haipenyi kwenda kwenye damu. Ukivimeza pamoja waweza kupoteza karibu robo tatu ya dawa. Yaani umemeza, na hujameza. Dawa ifanye kazi, imeze saa mbili kabla ya ile ya kiungulia, au saa sita baada yake.

Dada zangu, vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu mnavyopewa mkiwa wajawazito vina tabia hiyo hiyo. Hivyo vina nafuu: ukivimeza pamoja na ARV na chakula juu yake, hakuna shida. Tumbo likiwa tupu, rudi kwenye hesabu ya mbili na sita. Usiache kimoja ili umeze kingine, vyote wavihitaji wewe na mtoto.

Kifua kikuu ndicho kikubwa zaidi. Rifampicin, dawa ya TB, inalifanya ini liichome dolutegravir haraka kuliko kawaida. Ndiyo maana mgonjwa anaongezewa dolutegravir ya miligramu 50, akawa anaipata mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili kupita kati yake. Kijana akipata TB Likoni akaanzishwa dawa huko, na ARV zake anachukulia Kilifi kwa kujificha, nani atamwongezea? Kila upande unaona nusu ya mgonjwa. Na Ramadhani hapa kwetu, kutoka futari hadi daku ni kama saa kumi tu, kwa hivyo mwenye TB asipange mwenyewe. Aongee na kliniki kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, dini yenyewe imempa.

Wazee wenye sukari: dolutegravir inapandisha metformin kwenye damu, karibu asilimia 80. Kwa kawaida daktari hapitishi miligramu 1000 kwa siku. Mwenye kifafa anayetumia carbamazepine au phenytoin naye aseme mapema, hizo pia zinaipunguza nguvu ARV. Na diclofenac ya kila siku kwa ajili ya mgongo, ukichanganya na tenofovir, figo ndizo zinazolipa.

Hapa nitasema jambo, mama zangu mnisamehe. Wako wanaotumia ARV za aina nyingine zenye ritonavir ndani. Ritonavir inalizuia ini kuvunja dawa zingine, zinajazana kwenye damu. Sildenafil, ile mnayoiita dawa ya nguvu, inapanda mara nyingi zaidi ya kawaida, presha inaanguka, mtu anazimia. Na usiniambie "mimi natumia asali tu." Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya kuhusu asali za nguvu zilizokutwa na sildenafil au tadalafil ndani bila kuandikwa kwenye pakiti.

Mtu akaniuliza: basi si bora niache ARV hadi nimalize hiyo dawa nyingine? Hapana! Virusi vinarudi, na ukiwa na homa ya ini aina ya B bila kujua, tenofovir na lamivudine ndizo zilizokuwa zinaizuia. Ukiziacha ghafla ini laweza kuwaka.

Tatizo letu ni aibu, nalijua. Lakini kwa kemisti huhitaji kueleza ugonjwa. Sema tu, "natumia dolutegravir, hii inapatana nayo?" Mwenye kazi yake ataelewa. Waogopa kibaraza? Nenda kemisti ya mtaa mwingine, au piga simu CCC yako kabla ya kununua. Piga picha ya kila kopo na kila chupa ya dawa za kienyeji, uwaonyeshe siku ya kliniki. Siri yako inalindwa na sheria ya HIV ya 2006, na Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo ya anachonunua. Kuuliza si kusumbua.

Mjomba sasa anameza ARV wakati wa daku, na cha kiungulia anatafuna baada ya Isha. Kipimo kilichofuata, virusi havikuonekana tena. Viazi karai hajaacha.