BARUA HAZIZIMI MOTO

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa niseme juu ya kuweka ghalani vitu vya hatari, yaani madawa ya viwandani ambayo wataalamu huyaita kemikali. Pengine mtu atauliza jambo hili lakihusu nini chama. Lakihusu sana. Bandari ni mali yetu, na wanaobeba magunia ni sisi na watoto wetu.

Nitawapa habari ya Beirut, mji mkuu wa Lebanoni. Mwezi wa Novemba 2013 iliingia huko meli mbovu iitwayo Rhosus, imetoka Batumi katika nchi ya Georgia. Ilichukua tani 2,750 za amoniamu naitreti, na safari yake ilikuwa Beira, kwa jirani zetu wa Msumbiji. Kwa hiyo msidhani ni mambo ya mbali. Wakaguzi waliizuia kwa ubovu wake, na mwenye meli akaitelekeza. Mwaka 2014 mzigo ukashushwa, ukatiwa katika bohari namba 12, ukakaa humo miaka karibu sita.

Kitu chenyewe ni punje nyeupe. Mkulima huzitumia kuwa mbolea, na katika migodi hutengenezewa baruti ya kupasulia miamba. Zikiwekwa pakavu, penye hewa, mbali na mafuta na moto, hukaa salama. Lakini zikichanganyika na mafuta, au zikipata moto mkali mahali palipobana, zaweza kulipuka zote kwa mara moja. Tena hewa ya kulisha moto imo ndani yake zenyewe, basi kuufunika moto huo ni kazi bure. Mwaka 1947, huko Texas City, Marekani, meli Grandcamp iliwaka ikiwa na shehena kama hiyo. Wakubwa wake hawakutaka maji yaharibu mali, wakafunga milango ya ngama wakaingiza mvuke. Meli ikalipuka, wakafa watu wapatao 580. Na mali haikuokoka.

Kwa hiyo hatari hii ilikuwa inajulikana zaidi ya miaka 70. Hata pale Beirut ilijulikana! Wakuu wa forodha walimwandikia jaji, si mara moja wala mbili, wakiomba mzigo urudishwe nje, au wapewe wanajeshi, au uuzwe. Karatasi zikapita mlango kwa mlango. Magunia yakabaki pale pale, na fataki zikawekwa katika bohari hiyo hiyo.

Jioni ya tarehe 4 Agosti 2020 moto ukawaka. Kikosi cha zimamoto cha watu 10 kikapelekwa, na hakuna aliyewaambia kilichokuwamo ndani. Wote 10 wakafa. Mjini waliokufa walizidi 200, waliojeruhiwa walikuwa maelfu, na watu kama 300,000 wakakosa pa kulala. Mshindo ulisikika hata kisiwani Saiprasi.

Ndugu zangu, mimi nawalaumu hata walioandika barua. Mtu akiisha kutia sahihi hudhani amemaliza kazi, kumbe amejikinga yeye tu.

Sheria tunayo. Tanzania ilitunga ya kemikali za viwandani na majumbani mwaka 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye mwenye kazi ya kusajili na kukagua. Wafanyabiashara wengine hulalamika kuwa ni usumbufu mtupu, na kweli wako makarani wapendao mihuri kuliko kazi. Hata hivyo mpagazi ana haki ya kuuliza: gunia hili lina jina? Daftari lasema yako mangapi? Limewekwa karibu na nini? Zimamoto wana habari? Akijibiwa, "Beba tu," na aje kwenye tawi aseme, nasi tufuatane naye mpaka kwa mkaguzi.

Na ninyi wenye maduka, acheni kumpimia mtu dawa ya wadudu katika chupa ya soda. Mtoto hajui kilichomo, aona soda.

Ndugu Mwenyekiti, wako hapa wenzetu wafanyao kazi bandarini. Naomba wapewe nafasi sasa, watueleze magala yao yana nini.