Mtumishi Asiyekwenda Likizo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo wetu, London)





Awali ya yote naishukuru kamati ya matayarisho kwa kunipa heshima ya kusema nanyi siku hii, ambayo waliotoka Maskati, Toronto, Dar es Salaam na Unguja wamekaa mkeka mmoja. Kamati ilitarajia nisimulie habari za miaka yangu ya utumishi serikalini, kwanza nyumbani na kisha huku Uingereza. Nimeomba radhi nimzungumze mtumishi mwingine, ambaye hajapata kwenda likizo tangu alipoanza kazi, na ambaye ukoo wetu umemdhulumu sana. Mtumishi huyo ni moyo.

Mimi si tabibu. Ni karani mstaafu. Lakini tangu mwaka 2016, maradhi ya moyo yaliponifika mwenyewe, nimesoma sana na nimewachosha madaktari kwa maswali. Niliyoyapata ni amana yenu.

Sisi Waswahili tumeutwisha moyo mambo mengi. Tunapenda kwa moyo, tunapiga moyo konde, na mwenye subira tunamsifu kuwa ana moyo. Moyo ninaousema leo ni nyama. Umekaa kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, umeelemea kushoto, ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe, na kwa mtu mzima uzito wake ni kiasi cha gramu 250 hadi 350.

Ndani yake mna vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto huipokea ikitoka mapafuni na oksijeni yake, ukaisukuma mwili mzima. Kwa kuwa safari ya kushoto ni ndefu zaidi, ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kiasi cha mara tatu kuliko wa kulia. Njiani mna vali nne, nazo ni milango inayofunguka upande mmoja tu. Ule mlio anaousikia daktari awekapo chombo chake kifuani ni wa milango hiyo ikifungwa.

Zamani matabibu walifuata mafundisho ya Galeni wa Uyunani, kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kwa vitundu visivyoonekana katika ukuta wa kati. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis, tabibu wa Sham aliyefanya kazi Kairo, aliandika kuwa ukuta ule hauna vitundu, na kwamba damu haina budi kupita mapafuni. Maandishi yake yalilala, na wataalamu wa zama zetu hawakuyatambua hadi mwaka 1924, tabibu wa Kimisri alipoyakuta katika maktaba ya Berlin. Naomba mkumbuke habari hiyo ya elimu iliyolala, kwani nitairudia.

Sasa nije kwenye nyama yenyewe. Msuli wa mkono hutii amri zetu. Msuli wa utumbo hufanya kazi bila ya kutuuliza. Msuli wa moyo ni wa namna ya peke yake. Chembe zake zina matawi na zimeshikana, hata ishara ikifika kwa moja humfikia jirani yake papo hapo, ukuta mzima ukajikaza pamoja, mithili ya watu wanaoshua chombo pwani. Anayetoa ishara ni fundo dogo la chembe maalumu lililoko katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia. Fundo hilo hutoa umeme hafifu wenyewe, bila ya kungoja ubongo; mishipa ya fahamu huongeza au hupunguza kasi tu. Ndiyo maana moyo wa mtu uliohamishiwa kifua cha mwingine, kama ilivyofanyika kwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 1967, hudunda ingawa mishipa yake ya fahamu imekatwa.

Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika, na husukuma takriban lita 5 katika muda huo. Kwa siku moja mapigo hufika kama laki moja. Mapumziko yake ni yale ya kitambo baina ya pigo na pigo, na hapo ndipo unapokula. La ajabu ni kwamba damu inayojaa vyumbani mwake hailishi kuta zake nene. Moyo hulishwa na mishipa yake yenyewe, iitwayo mishipa ya korona, inayopita juu yake na kuzama ndani ya nyama. Ni sawa na mchota maji anayegawia mtaa mzima, naye kinywaji chake hutegemea mfereji mmoja mwembamba.

Mfereji huo huweza kuingia mafuta katika kuta zake, kidogo kidogo, kwa miaka. Tumbaku, kisukari na shinikizo la damu huharakisha mambo. Siku moja mahali palipovimba hupasuka, damu ikaganda, njia ikaziba. Nyama iliyokuwa ikilishwa na njia hiyo hukaa na njaa. Njia ikizibika kabisa, baada ya dakika 20 hadi 40 chembe zake huanza kufa, na baada ya saa chache sehemu kubwa imekwenda. Panapokufa nyama huota kovu. Kovu hushikilia ukuta lakini halidundi. Mwaka 2009 wataalamu wa Sweden walionesha kuwa moyo wa kijana wa miaka 25 hubadilisha kiasi cha chembe 1 katika kila 100 za msuli wake kwa mwaka, na wa mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hizo. Kwa hiyo nyama iliyopotea kwa saa moja haifidiwi kwa umri uliobaki.

Ndugu zangu, kaka yetu mkubwa alifariki Unguja mwaka 2009. Sisi wa ng'ambo tuliambiwa amefariki ghafla. Mwaka 2016, nikiwa kitandani hospitali, daktari aliniuliza: "Katika ukoo wenu yupo aliyepata ugonjwa wa moyo?" Nikajibu, "Hapana." Sikusema uongo, sikujua. Nilipopona nilimpigia simu shemeji yangu, ndipo aliponisimulia usiku ule. Kaka aliamka na uzito kifuani, jasho likimtiririka, mkono wa kushoto ukimuuma. Akasema ni kiungulia, akaomba chai ya tangawizi, na akakataza watoto wasiamshwe. Hakufika adhuhuri. Nikauliza juu ya babu, na juu ya ami yetu wa Tanga. Wote "ghafla". Wazee wangu, ghafla si jina la ugonjwa.

Nami sikuwa bora kuliko kaka. Usiku wangu nilikaa kitini saa tatu nzima, nikiona haya kusumbua watu. Sehemu ya moyo wangu sasa ni kovu, na kovu hilo nimelinunua kwa haya.

Ninaomba mambo matatu. La kwanza: uzito au kubanwa kifuani, maumivu yanayokwenda mkononi, tayani au mgongoni, jasho la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi, mojawapo likikujia pasi na sababu, usingoje asubuhi. Wanawake na wenye kisukari mara nyingine hawapati maumivu makali, basi wajihadhari zaidi. Hapa Uingereza piga 999, Marekani na Kanada 911, Oman 9999. Pasipo na gari la wagonjwa, mwamshe jirani mwenye gari.

La pili: kila aliyetimiza miaka 40 apimwe shinikizo la damu na sukari, hata akijiona mzima.

La tatu: mwisho wa kitabu hiki kamati imeacha kurasa tupu. Kila nyumba iandike nani alifariki, kwa umri gani, na kwa ugonjwa gani. Tukipigiana simu kila mmoja husema "sote wazima", kwa kutotaka kumtia wasiwasi aliye mbali. Nia ni njema, lakini habari zetu zimelala kama yale maandishi ya Ibn al-Nafis, na watoto wetu wataulizwa swali nililoulizwa mimi. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuujaza: jina la kaka, umri wake, na neno "moyo". Kalamu nimeiacha mezani.