Moto Kazini na Amri ya Kwanza

Jumatano, tarehe 28 Januari, 2009, wakati wa alasiri, moto uliwaka katika duka kubwa la kujihudumia katikati ya jiji la Nairobi, nchi jirani ya Kenya. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Baadhi ya walionusurika walieleza kwamba milango ilifungwa moto ulipoanza, kwa kuhofia mali isiibwe.

Maelezo hayo yanawahusu wanajeshi na polisi kuliko wasikilizaji wengine. Katika hatari yoyote mtu mwenye sare ndiye hutazamwa kwanza, hata kama sare yenyewe ni ya mlinzi wa mlangoni mwenye rungu tu.

Wengi hudhani kwamba jengo likiwaka watu hupagawa papo hapo na kukanyagana. Uchunguzi wa mioto mingi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba mara nyingi ubaya wa kwanza ni kukawia. Kengele inalia, naye karani anamaliza kwanza barua aliyoianza. Mwenzake anauliza kama ni moto kweli ama ni majaribio. Mwingine anarudi kuchukua mkoba. Na yuko anayemtafuta mkubwa wa ofisi ili apewe ruhusa ya kutoka! Wakati huo moshi unapanda ngazi. Na moshi huua watu wengi kuliko ndimi za moto, kwa kuwa umebeba hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, ambayo humlegeza mtu kabla hajatambua kwamba amedhurika. Hatimaye watu wakiondoka, huelekea mlango ule ule walioingilia asubuhi, ingawa mlango wa dharura uko hatua chache nyuma yao.

Hapo ndipo amri inapopata thamani yake. Sauti ya mtu anayeheshimiwa, ikitaja waziwazi kwamba kuna moto, mahali ulipo na njia ya kupita, huwaondoa watu upesi kuliko kengele. Kuwaficha habari kwa hoja ya kuepusha fujo ni kuwapokonya dakika zao. Huko nje nako polisi ana kazi nzito, maana umati wa watazamaji huziba barabara magari ya zimamoto yakiwa bado njiani.

Kenya haikukosa sheria. Kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zilikwisha kutolewa mwaka 2007, nazo zinataka zoezi la kuhama jengo lifanywe walau mara moja kila miezi 12. Lakini zoezi ambalo wote hutokea mlango mkubwa huku wakicheka, na funguo za mlango wa nyuma zimo mfukoni mwa mlinzi, halimfundishi mtu kitu. Msimamizi anayeijua kazi yake huufunga mlango mkubwa kwa makusudi siku ya zoezi, akasimama hapo na saa mkononi, aone ni wangapi wanaoijua njia ya pili.